KAMBI ISIYO NA KING'ORA
Somo kuhusu siku ya kazi ya mfanyakazi mgeni katika kambi ya baiskeli, Kinyinya, Kigali



Katika kiwanda cha nguo king'ora kikilia kila mtu anajua kwamba zamu imeanza. Katika shamba la mkonge au la chai, nyapara huita majina, kazi hupimwa, na mtu akimaliza ngwe yake huweka panga begani akarudi nyumbani. Somo letu la safari hii linahusu mahali pa kazi pasipo na king'ora wala mwita majina. Mahali ambapo mfanyakazi hulala, hula na hufanya kazi chini ya paa moja na mwajiri wake, tena akiwa nje ya nchi yake. Mahali hapo ni kambi ya mazoezi ya waendesha baiskeli wa kulipwa. Tumechukua mfano wa Kinyinya, kitongoji cha mlimani kaskazini mwa jiji la Kigali, katika Wilaya ya Gasabo, nchini Rwanda.

Huenda ndugu mmoja akauliza: baiskeli za mashindano zinatuhusu nini sisi tunaosokota nyuzi na kuchuma chai? Swali hilo ni la haki, na majibu yake ni mawili. Kwanza, nyuma ya kila kijana anayekimbiza baiskeli wapo mafundi, madereva, wapishi, wafuaji nguo na wakandaji wa misuli, na kazi hizo ndizo vijana wetu wanazoanza kuitiwa. Fundi aliyejifunza kukaza spoki sokoni Morogoro au Kisumu anaweza kesho kupigiwa simu aende Kigali kwa majuma sita. Pili, neno lenyewe "kambi" sisi tunalijua kuliko wao. Wazee wetu waliishi katika kambi za mkonge za Tanga na Morogoro. Tangu mwaka 1944 waliletwa na ofisi ya waajiri iliyoitwa SILABU, wakapewa namba, na kwa namba hizo wakaitwa manamba. Miongoni mwao walikuwamo watu wengi waliotoka Rwanda na Burundi. Leo safari imegeuka, na ni sisi tunaopanda basi kwenda Kigali.

KWA NINI KIGALI

Rwanda ina mashindano yake ya kuizunguka nchi kwa baiskeli tangu mwaka 1988, na tangu 2009 yamo katika kalenda ya Umoja wa Kimataifa wa Waendesha Baiskeli, yaani UCI. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti aliiwakilisha nchi hiyo katika Michezo ya Olimpiki ya London. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kushinda mashindano ya nyumbani tangu yaingie katika kalenda hiyo. Joseph Areruya alishinda mwaka 2017. Kisha, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Siku ya mwisho wanaume walipanda na kushuka kilometa 267.5, na katika kundi zima walioufikia mwisho walikuwa 30 tu. Wenye kuijua milima ya Kigali hawakushangaa.

Milima hiyo ndiyo inayovuta timu. Jiji liko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, joto si kali, na barabara za lami ni nzuri. Ndugu anayetoka pwani, Tanga au Mombasa, atahema siku chache za mwanzo hata kwa kupanda ngazi, na asione haya, mwili unajizoesha.

Jambo moja zaidi la historia, kwa sababu linawahusu wenzetu wa mashamba. Baiskeli katika Rwanda ilikuwa chombo cha kazi kabla ya kuwa ya mashindano. Ilibeba ndizi, makaa, mitungi ya maji na abiria, na baadhi ya wakimbiaji wake wa mwanzo walikuwa wabebaji hao hao. Mnamo mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alibuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, maana buni mbivu ikichelewa kufika kiwandani baada ya kuchumwa huharibika ubora na bei hushuka. Mwaka huo huo yakafanyika mashindano yaliyosaidia kuanzisha timu ya taifa. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba baiskeli ni mchezo wa watu wasio na shughuli.

SIKU MOJA YA FUNDI

Tuseme timu moja imekodi nyumba yenye ua huko Kinyinya kwa majuma sita. Wamo wakimbiaji wanane. Wanaowahudumia ni mwalimu, fundi, mkandaji, mpishi na dereva. Fundi ndiye mtu wetu. Tumfuate siku moja, tukihesabu saa.

Kabla ya yote arudishe saa yake nyuma. Rwanda iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Asiporekebisha, siku ya kwanza ataamka wenzake wamelala.

Huamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa kumi na mbili yuko uani. Hupima upepo wa matairi kumi na sita, hukagua breki na gia, hutia mafuta minyororo, hufunga baiskeli za akiba na magurudumu juu ya gari. Saa mbili na nusu msafara unatoka. Hapo ameshafanya kazi saa mbili na nusu.

Kisha saa tano ndani ya gari nyuma ya wakimbiaji. Huteremka mara kwa mara kubadili gurudumu lililopasuka, kwa mwendo wa mtu anayezima moto. Wapo watakaosema kwamba kukaa garini si kazi. Sisi tunasema kwamba mtu asiyeweza kwenda anakotaka, na anayetakiwa kuruka nje wakati wowote, yuko kazini, kama vile mlinzi wa zamu ya usiku alivyo kazini hata kama mwizi hakuja.

Dereva naye yuko katika hali hiyo hiyo, na ana hatari yake. Katika Rwanda magari hupita upande wa kulia. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea kushoto. Saa za hatari ni mbili: asubuhi sana barabara ikiwa tupu, na jioni dereva akiwa amechoka, maana mkono hurudia mazoea. Timu ikimleta dereva kutoka kwetu impe siku mbili za kuzoea kabla ya kumtuma nyuma ya vijana wanane.

Msafara hurudi saa saba na nusu. Chakula nusu saa. Saa nane fundi huanza kuosha baiskeli moja moja, hukausha, hukaza, hubadili kilicholika. Dakika 25 kwa baiskeli moja ni mwendo wa fundi hodari, na kwa baiskeli nane ni saa tatu na dakika ishirini. Akikusanya spana zake na kufagia ni saa tatu na nusu. Saa kumi na moja na nusu jioni huoga, hula, huzungumza. Saa moja na nusu usiku huitwa kikaoni kusikia ratiba ya kesho, kisha hubadili magurudumu ya watakaopanda milima mikali. Saa mbili na nusu usiku amemaliza.

Sasa tufanye hesabu: saa mbili na nusu, ongeza tano, ongeza tatu na nusu, ongeza moja. Jumla ni saa kumi na mbili. Kwa siku sita ni saa 72.

Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kwa kazi za viwandani saa nane kwa siku na 48 kwa juma. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 iliandika saa 45, na mwishoni mwa 2022 serikali iliamua juma la saa 40 kuanzia Januari 2023. Tukitoa 40 katika 72 hubaki 32. Kwa majuma sita ni saa 192. Gawanya kwa nane: siku 24 za kazi. Yaani fundi aliyekwenda Kinyinya kwa majuma sita amefanya kazi ya karibu majuma kumi na moja. Amelipwa ngapi?

Mara nyingi atajibiwa: "Lakini ndugu, unakula bure, unalala bure." Wazee wa mkonge walijibiwa hivyo hivyo juu ya posho ya unga na chumba cha kambini. Mwajiri anapomtoa mtu nyumbani kwake akamweka mahali ambapo hawezi kupika wala kulala kwake, chakula na kitanda ni gharama ya kazi, kama grisi na spana. Viandikwe peke yake, mshahara nao uandikwe peke yake.

MKANDAJI, MPISHI NA MFUAJI

Mkandaji hufanya kazi wakati wengine wanapumzika. Kila mkimbiaji akipata dakika 45 mezani, wanane ni saa sita za kukanda kwa mikono miwili. Anayejua kazi ya mikono anajua vidole na viwiko vinavyokuwa baada ya majuma mawili. Asubuhi mtu huyo huyo hujaza chupa na kufunga vyakula vya njiani, maana mkimbiaji anayepanda kwa nguvu huhitaji gramu 60 hadi 90 za wanga na sukari kila saa, na akikosa huishiwa nguvu kama gari lililokwisha mafuta.

Mpishi huwasha moto wa kwanza na huzima wa mwisho. Wali, viazi, ndizi za kupika, mayai, maharage, kuku. Mkimbiaji aliyetoka milimani hula kuliko watu wawili wa kawaida, tena hula kwa saa maalumu. Mpishi na mfuaji nguo mara nyingi hupatikana hapo hapo mtaani, na mara nyingi ni akina mama wa Kinyinya wanaolipwa kwa siku. Hapa tuwe wakweli. Fundi mgeni hulalamika kwa mwajiri juu ya saa zake, lakini ni yeye huyo anayemtupia mama mfuaji rundo la nguo zenye grisi saa moja usiku na kumwambia ni za kesho asubuhi. Kazi ya ziada ya mama huyo imetoka kwa mfanyakazi mwenzake.

MKIMBIAJI NAYE NI MFANYAKAZI

Watu wengi humwona mkimbiaji kama mgeni wa heshima katika kambi: hupikiwa, hufuliwa, hukandwa, hulala mchana. Tuitazame kazi yake vizuri. Chombo chake cha kazi ni mwili wake. Saa tano za barabarani huuvunja, na kulala ndiko kunakoujenga upya. Kwa hiyo usingizi wake wa saa nane mchana ni sehemu ya kazi, na mwalimu anayemwamsha apige picha na wafadhili ameingilia kazi kama mtu anayezima mashine ya kufuma katikati ya zamu.

Tena uhuru wake umefungwa kuliko wa mtu wa kiwandani. Asubuhi hupimwa uzito. Chakula chake huamuliwa. Wakimbiaji wa ngazi ya juu walioandikishwa kwa upimaji wa dawa zilizokatazwa hutakiwa kueleza kwa kila siku ya mwaka, sikukuu pia, saa moja na mahali watakapopatikana, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku. Akikosekana au akikosea kutoa taarifa mara tatu katika miezi kumi na miwili, anaweza kufungiwa hadi miaka miwili, hata kama hakutumia dawa yoyote. Kijana anayehama nyumba kutoka Kinyinya kwenda Musanze akasahau kubadili anwani yake amepoteza moja. Sisi tunaunga mkono upimaji, maana dawa huua na huwaibia walio safi. Lakini timu inayomhamisha mtu imsaidie pia kuandika, hasa kijana aliyesoma darasa chache na ambaye fomu zote ziko kwa Kiingereza au Kifaransa.

Na mshahara? UCI imeweka kima cha chini kwa timu za daraja mbili za juu za wanaume. Kwa wanawake kima cha kwanza kilianza mwaka 2020, euro 15,000 kwa mwaka, na kwa timu za daraja la juu peke yake. Daraja la tatu, ambako wakimbiaji wengi wa Afrika huanzia na wengi humalizia, UCI haikuweka kima. Huko mtu aweza kuitwa "wa kulipwa" na akawa anapewa nauli na fulana. Hata juu hakuna salama kamili. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Mashindano ya Ufaransa mwaka 2024 na kuvaa fulana ya kijani hadi mwisho, alianzia katika timu ya Ufaransa iliyoishiwa fedha mwaka 2021, ikambidi atafute mwajiri mwingine katikati ya mwaka. Kwa sababu ya mambo ya namna hiyo UCI hudai timu za daraja za juu ziweke dhamana ya benki ya kulipia mishahara. Ukiitwa kambini, uliza kama dhamana ipo, na kama inamhusu fundi na mpishi au wakimbiaji peke yao.

WALIPOSHUKA WAKATEMBEA

Je, waendesha baiskeli waliwahi kuungana? Ndiyo, na kisa chake kinahusu usingizi.

Tarehe 12 Julai 1978, katika Mashindano ya Ufaransa, waandalizi walikuwa wamepanga hatua mbili kwa siku moja. Jana yake wakimbiaji walikuwa milimani, wakafika kitandani usiku sana baada ya kuhamishwa kwa magari, na alfajiri wakaamshwa mapema mno ili waanze ya kwanza. Kila mji uliopokea hatua ulilipa fedha, kwa hiyo hatua nyingi zilikuwa fedha nyingi kwa waandalizi. Mkimbiaji alipata usingizi mchache tu. Siku hiyo wakaenda polepole makusudi, wakachelewa sana. Walipokaribia mstari wa mwisho mjini Valence d'Agen, wote wakashuka wakatembea kwa miguu wakisukuma baiskeli, mbele yao Bernard Hinault, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akishiriki mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Watazamaji walizomea, nao wakavuka mstari wakitembea. Hatua ile ikafutwa.

Utaratibu wa hatua mbili haukukoma siku ile, ulipungua polepole. Hinault akaendelea akashinda mashindano yale. Tunalotaka mlione ni kwamba walidai saa za kulala kama dai la kazi, na walidai wote pamoja, mwenye sifa na asiye na sifa. Mwaka 1999 kikaundwa chama cha kimataifa cha wakimbiaji wa kulipwa, CPA, nacho hujadiliana na waajiri juu ya mishahara, bima na usalama. Fundi wetu wa Kinyinya hamo katika chama hicho. Wala mkandaji hamo, wala mpishi.

AJALI MBALI NA NYUMBANI

Tarehe 27 Agosti 2022, Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha aliyewalea wenzake wengi wa Afrika Mashariki katika mchezo huu, alianguka katika mashindano ya barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa safarini kikazi, kama baharia au dereva wa lori anavyokuwa safarini kikazi.

Kifo cha mfanyakazi ugenini huleta maswali ambayo ni heri yaulizwe mtu akiwa mzima. Nani atalipa hospitali? Nani atalipa kusafirisha mwili? Watoto watapata nini, na kutoka mfuko wa nchi gani? Mkataba Namba 19 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unataka mgeni aliyeumia kazini apewe fidia sawa na mwenyeji. Lakini mtu ambaye hakuandikishwa popote hana pa kudai usawa huo. Katika Rwanda mwajiri hulipa michango ya ajali za kazini na pensheni kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni ni asilimia 12 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Ukiona makato katika hati yako ya mshahara, uliza namba yako ya uanachama. Usipoona makato, uliza zaidi.

Majeraha madogo hayana habari gazetini lakini ndiyo mengi. Mnyororo hukata kidole cha fundi, mafuta ya moto humwagikia mpishi, mgongo wa mkandaji hugoma. Siku hiyo hiyo yaandikwe tarehe, saa, mahali na jina la aliyeona.

KUISHI KINYINYA

Kigali ina taratibu zake na mgeni azijue mapema. Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku tangu 2008. Ndugu anayefunga viatu vyake kwa mfuko wa dukani ataporwa mfuko huo mpakani na kubaki na viatu mkononi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka hufungwa na magari husimama. Mwalimu anayepanga safari ya kilometa 150 asubuhi hiyo hajauliza wenyeji. Tungependa mgeni ashike jembe pamoja na majirani, kwa sababu hakuna njia nyepesi zaidi ya kujulikana mtaani. Zipo pia Jumapili ambazo barabara kadhaa za jiji hufungwa kwa magari ili watu watembee na kukimbia.

Lugha ya nyumbani ni Kinyarwanda. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, na sokoni au kwa madereva utasikilizwa. Lakini mama jirani ukimwambia "mwaramutse" asubuhi na "murakoze" ukipewa chenji, mlango utafunguka zaidi. Mtu wa kwetu hasumbuki kuhesabu saa kwa Kinyarwanda, maana nao husema saa mbili asubuhi kama sisi.

Upweke upo. Jioni mvua za Aprili au Novemba zikinyesha juu ya bati, wenzako wazungumza Kifaransa mezani, na nyumbani mtoto anaumwa, majuma sita huwa marefu. Kwa hiyo siku ya mapumziko isigeuzwe siku ya kufanya usafi wa gari la timu. Sheria ya Rwanda inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za mapumziko kila juma. Atoke kambini. Akae mahali ambapo hakuna anayemwita fundi.

KABLA YA KUPANDA BASI

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010 na inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, ingawa kila nchi iliorodhesha kazi ilizozifungua. Kazi isiyozidi siku 90 huombewa pasi maalumu. Ikizidi huombewa kibali cha kazi. Mkenya na Mganda huweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania achukue pasi yake. Pasi ikae mfukoni mwako, wala isiwe katika kabati la meneja "kwa usalama".

Sheria ya kazi ya Rwanda inaruhusu mkataba wa mdomo, ila usizidi siku 90 mfululizo. Angalieni jinsi majuma sita yanavyoingia vizuri katika nafasi hiyo. Hata kama sheria haikulazimishi, dai karatasi. Iseme mshahara ni kiasi gani, kwa fedha ya nchi gani na tarehe gani. Saa za kazi na malipo ya saa za ziada. Siku ya mapumziko. Nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudi, hata kama umeachishwa katikati. Na chumba utaondoka baada ya siku ngapi. Hilo la mwisho husahauliwa sana. Kambini, anayefukuzwa kazi saa kumi jioni amefukuzwa na kitandani pia, ugenini, usiku ukiingia. Watu wa kambi za mkonge walilijua jambo hilo, ndiyo maana wengi walinyamaza.

Ugomvi ukitokea, mkaguzi wa kazi wa wilaya ndiye wa kupelekewa kabla ya mahakama. Kwa Kinyinya ni wa Gasabo. Chama kikuu cha wafanyakazi CESTRAR, kilichoanzishwa mwaka 1985, kiko Kigali. Kabla ya safari mwachie katibu wa tawi lako nakala ya mkataba.

Na chukua daftari. Manamba walikuwa na kipande, kadi ya siku 30 iliyotiwa alama kila siku ya kazi, nacho kilikaa chini ya amri ya mwajiri: asipotia alama, siku hiyo haikuwapo. Daftari lako ni kipande unachokitia alama mwenyewe. Kila usiku andika saa uliyoanza, saa uliyopumzika, saa uliyomaliza, na kilichofanyika. Fundi, mkandaji, dereva na mpishi wakiandika kila mmoja lake, na yakalingana, mkaguzi wa kazi atakuwa na kitu cha kusoma.

MASWALI YA KIKUNDI

Tumieni jioni moja, na mwenye kujua hesabu awasaidie wengine.

Mkandaji wa kambi ile huanza saa kumi na mbili asubuhi kujaza chupa hadi saa mbili na nusu. Mchana hukanda wakimbiaji wanane, dakika 45 kila mmoja. Usiku hutayarisha vyakula vya kesho kwa saa moja na nusu. Kwa siku sita amefanya saa ngapi? Zimezidi 40 kwa ngapi?

Siku ambazo mvua imezuia mazoezi, na fundi amekaa kambini akisubiri, je, ni siku za kazi? Linganisheni na siku ambazo mashine ya kiwanda chenu imeharibika, au chai haichumwi kwa sababu ya jalidi. Mwajiri wenu hulipa nini siku hizo, na mkataba wenu unasemaje?

Mama mfuaji wa Kinyinya anakuja kwenu wageni na kusema analipwa nusu ya mlivyosikia mtaani. Ninyi mnaondoka baada ya majuma mawili. Mtafanya nini, na nani atabaki naye mkishaondoka?